Kilua na langilangi: mimea ya asili ya Mombasa na watu wanaoitambua

Kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia, kikifunguliwa uzi wake na maua yakatandazwa juu ya sinia, mtazamaji anaweza kusoma humo historia ndefu ya mimea ya Mombasa. Mna asumini nyeupe, majani ya rehani, wakati mwingine vipande vya mkadi, langilangi za manjano na, kwa aliyempata muuzaji anayeijua vyema miti yake, kilua. Yote hayo yananukia, yote yamezoeleka kuwa maua ya Waswahili, na akina mama wa Mji wa Kale wameyatunga kwa vizazi bila ya kuulizana lipi ni mwenyeji na lipi ni mgeni. Hata hivyo, asumini inayotungwa katika vikuba asili yake ni Asia ya Kusini, rehani nayo ilitoka Asia, na langilangi ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Kilua hakikupanda jahazi. Mti wake uliota wenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania.

Jina la kisayansi la mti huo ni Mkilua fragrans. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, ambaye aliwahi kufanya kazi katika hebaria ya Afrika Mashariki jijini Nairobi (ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi) kabla ya kurudi Uingereza katika bustani ya Kew, aliutangaza mwaka 1970 kuwa jenasi mpya, yaani kundi jipya la mimea, inayojitegemea. Badala ya kuitungia jenasi hiyo jina la Kigiriki au la mtu mashuhuri, kama ilivyo desturi ya wataalamu wengi, alichukua jina ambalo wenyeji walikuwa wakiliita, akaliweka kama lilivyo pamoja na kiambishi chake cha m-. Neno la pili, fragrans, ni Kilatini chenye maana ya kunukia. Kwa hiyo mwanafunzi wa botania wa Brazili au wa Japani anayetaka kuutaja mti huu hana budi kutamka neno la Kiswahili. La ajabu zaidi ni kwamba kilua na langilangi ni watu wa ukoo mmoja, ule wa mtopetope na mstafeli, na jamaa hao wawili wamekutana katika kikuba kimoja baada ya kutenganishwa na bahari nzima.

Nimeanza na kikuba kwa sababu kinaonyesha ugumu wa swali ambalo siku hizi huulizwa mara nyingi Mombasa, katika mikutano ya kupanda miti, katika shule na katika vikundi vya vijana wa mazingira: mimea ya asili ya mji huu ni ipi, na nani anaitambua? Swali hilo linaonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Ndani yake mna maswali matatu yaliyosokotana, nayo ni maana ya neno asili, majina yanayotumika, na watu wanaoshika elimu yenyewe. Kila moja lina mafundo yake.

Uzee si uasili

Katika mazungumzo ya kawaida, mti wa asili ni mti wa zamani, mti ambao babu aliukuta. Kwa wataalamu wa mimea, neno hilo lina maana nyembamba zaidi: mmea ni wa asili ya mahali fulani ikiwa ulifika hapo bila ya kuletwa na binadamu, ama kwa kuibuka hapohapo, ama kwa mbegu zake kubebwa na upepo, maji, ndege au wanyama. Kigezo ni namna ulivyofika, wala si muda ambao umekuwapo. Mwembe umekuwa katika pwani hii kwa karne nyingi, una mashairi yake, una misimu yake na una majina ya aina zake ambayo hayapatikani kwingine, lakini asili yake ni Asia ya Kusini. Mnazi, ambao bila yake hakuna wali wa nazi wala makuti ya kuezekea, nao wataalamu wengi huuhesabu kuwa uliletwa na mabaharia waliotoka Asia. Kusema hivyo si kuudharau mnazi. Ni kueleza tu kwamba kuna miti iliyolelewa na utamaduni wetu na kuna miti iliyolelewa na ardhi yetu, na kwamba makundi hayo mawili hayalingani.

Majina ya kisayansi yenyewe hayasaidii sana katika jambo hili. Chukua miti mitatu ambayo kila mkazi wa Mombasa anaijua: mwembe ni Mangifera indica, mwarobaini ni Azadirachta indica, na mkwaju ni Tamarindus indica. Yote mitatu inaitwa indica, yaani ya India. Miwili ya kwanza inastahili jina hilo. Wa tatu haustahili, kwa kuwa mkwaju ni mti wa asili ya Afrika ya kitropiki uliopelekwa India zamani mno, ukapendwa huko, na Waarabu walioyaona matunda yake yakija kutoka upande huo wakayaita tende za India. Jina hilo ndilo lililoingia katika Kilatini. Mtu akitegemea jina peke yake angeweza kuung'oa mkwaju kama mgeni na kuuacha mwarobaini kama mwenyeji, kwa kuwa mwarobaini una jina la Kiswahili lililojaa sifa, la mti unaotibu maradhi arobaini.

Mwarobaini uliletwa pwani na watu waliotoka Bara Hindi, ukaitikia joto letu na udongo wetu vizuri kupita kiasi. Ndege hula matunda yake na kuzidondosha mbegu katika vichaka vya asili, miche huota kivulini bila ya kusaidiwa na mtu, na baada ya miaka michache kichaka kilichokuwa na aina nyingi za miti huanza kuelemewa na aina moja. Hapo ndipo wataalamu hutofautisha mmea mgeni na mmea vamizi. Wageni wengi hawana madhara yoyote: mti unaochanua maua mekundu Desemba kando ya barabara zetu asili yake ni Madagaska, na sijapata kusikia ukilaumiwa kwa kuimeza misitu. Mvamizi ni yule mgeni anayejitanua mwenyewe na kuwasukuma wenyeji pembeni.

Kwa nini tofauti hiyo ijaliwe, ikiwa kila mti unatoa kivuli? Jibu limo katika uhusiano uliojengeka kwa muda mrefu kati ya mimea na viumbe wengine. Ua la mbuyu hufunguka jioni, hutoa harufu nzito, nalo huchavushwa na popo wanaokula matunda. Mlilana, ule wa ukingo wa bahari, nao hufungua maua yake usiku kwa wageni wa namna hiyohiyo. Viwavi wengi wa vipepeo hawali ila majani ya mimea michache maalumu. Bustani iliyojaa miti kutoka mabara mengine inaweza kuwa ya kijani kabisa, na bado ikawa jangwa kwa viumbe hao.

Ardhi ya matumbawe

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyojengeka wakati bahari ilipokuwa juu zaidi kuliko ilivyo leo. Mwamba huo una matundu, haushiki maji, na udongo uliomo katika nyufa zake ni kidogo. Mvua ya mwaka inazidi kidogo milimita 1,000, nyingi yake ikinyesha wakati wa masika kuanzia Aprili, kisha vuli huongeza kidogo Oktoba na Novemba. Katikati ya hapo, mimea ya juu ya matumbawe huishi kama mimea ya nchi kavu hata ikiwa bahari iko hatua chache tu kutoka penye mizizi yake. Ndiyo maana vichaka vya asili vya ufuo huu vina majani magumu, miiba na mashina yanayohifadhi maji. Ukiondoka pwani kuelekea Mazeras na Rabai, unapita mchanga, kisha udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya kale zaidi, kisha mawe ya mchanga ya vilima, na kila udongo una watu wake. Katika safari ya kilomita ishirini hivi, mimea hubadilika mara kadhaa.

Misitu ya ukanda huu, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, ina mimea mingi isiyopatikana kwingine. Mwaka 1998 mtaalamu G. P. Clarke alipendekeza sehemu kubwa ya ukanda huo ihesabiwe kuwa eneo kamili linalojitegemea la mimea ya kipekee, na akaliita kwa jina la Waswahili. Ni heshima inayostahili kujulikana zaidi hapa nyumbani, kwamba ramani ya mimea ya Afrika ina eneo linaloitwa la Kiswahili kwa sababu ya miti yake.

Miti hiyo ni ipi? Mbambakofi, ambao mbao zake zimetoa milango ya nakshi. Mvule. Mrihi, unaosimama kwa wingi katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtandarusi, wenye utomvu wa sandarusi ambao katika karne ya 19 ulisafirishwa kwa wingi kutoka pwani hii kwenda kutengenezewa vanishi. Muhugu na mpingo, waliouawa na uzuri wao wenyewe mikononi mwa wachongaji. Mkindu, ambao majani yake machanga hukaushwa na kusukwa ukili wa mikeka. Mkoma, unaostahimili moto na chumvi. Halafu kuna mimea ambayo haina sifa ya kibiashara na kwa hiyo haina watetezi, vichaka na mitambaazi ya mwambani ambayo mpimaji wa viwanja huiandika kwa neno moja tu: pori.

Mmoja kati ya hiyo unastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika miamba ya chokaa ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau, jamaa wa karibu wa ule ambao Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliupeleka Ulaya kutoka upande wa Tanga mwaka 1892. Wazao wa mmea wa Tanga leo wanakaa katika vyungu kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, na pengine ndio mmea wa Afrika Mashariki uliosambaa kuliko wote kama pambo. Ndugu yao wa Kilifi anaishi kwa shida. Hauhitaji udongo mwingi. Unahitaji mwamba wenye unyevu, na unyevu huo hutokana na kivuli cha miti mikubwa iliyouzunguka mwamba. Miti ikikatwa, hata kama hakuna aliyeugusa mmea wenyewe, jua hulipiga jiwe, jiwe hukauka, na mmea hufa. Mtu anayetaka kuuhifadhi hawezi kuuzungushia ua peke yake. Hana budi kuuhifadhi msitu.

Mikoko: aina tisa, neno moja

Fundo la majina linaonekana waziwazi zaidi katika mikoko. Kenya ina aina tisa za miti ya namna hiyo, lakini katika usemi wa mjini yote huitwa mikoko, na neno hilohilo mkoko ni jina mahususi la aina moja tu, ile yenye mizizi iliyopinda kama matao. Wavuvi na wakataji wa hori, yaani mikono ya bahari, za Tudor na Mtwapa hawachanganyi. Kwao kuna mkoko, kuna muia, kuna mkandaa ambao magome yake yalitumiwa kutia rangi na kulainisha ngozi, kuna mchu, kuna mlilana ambao mbao zake zilizopinda hutumiwa kwa mataruma, yaani mbavu, za majahazi, kuna mkomafi, kuna kikandaa. Hata fimbo zilizokatwa zina majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Biashara ya boriti kwenda nchi za Ghuba ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kenya iliamua kupiga marufuku usafirishaji wake mwaka 1982.

Elimu hii ya majina si mapambo. Kila aina ina mahali pake katika mwinuko wa ufuo. Mlilana husimama mbele kabisa, unapozamishwa na kila maji yanayojaa. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha muia na mkandaa, na kikandaa hukaa upande wa nchi kavu unaofikiwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, peke yake. Mchu hupatikana pande zote mbili, mbele na nyuma. Vikundi vingi vya kupanda hupanda mkoko kila mahali, na sababu yake ni rahisi kueleweka: mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikawa kama kijiti kirefu ambacho mtu yeyote anaweza kukiokota na kukichomeka katika tope. Kikichomekwa mahali pa mlilana husombwa na mawimbi. Kikichomekwa mahali pa kikandaa hukauka. Halafu watu husema kwamba mikoko haishiki pale, wakati aliyekosewa ni mti uliopelekwa kwenye makao ya mwenzake.

Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, tope lililoteremka na mito lilifunika mizizi ya mikoko ya Mwache, magharibi mwa Mombasa, na eneo kubwa likafa. Mizizi hiyo ndiyo pumzi ya mti, kwa kuwa tope la baharini halina hewa. Ikifukiwa, mti husongeka. Kilichoiua mikoko hiyo kilianzia juu mashambani, mbali na ukingo wa bahari. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao yake makuu Mombasa, imefanya kazi kubwa ya kuyaeleza mambo haya, na kule Gazi, katika Kaunti ya Kwale, mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu wa hekta 117 tangu mwaka 2013.

Wanaoshika elimu

Sasa tufike kwa watu. Mtu akiuliza chama cha mimea, hupelekwa kwanza Nairobi. Mwaka 1909 kiliundwa chama cha historia asilia cha Afrika Mashariki na Uganda, wanachama wake wakiwa zaidi maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na wamishonari waliopenda kukusanya ndege, wadudu na mimea. Makusanyo ya chama hicho ndiyo yaliyozaa jumba la makumbusho la Nairobi, na chama chenyewe kipo hadi leo kwa jina la Nature Kenya, kikiwa sasa na wanachama wa Kenya wa kila aina. Hebaria ina historia tofauti: mizizi yake iko Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi. Kutokana na makusanyo hayo na yale ya Kew kulitoka orodha kubwa yenye maelezo ya mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Kazi ya miaka 60.

Pwani yenyewe ilichunguzwa kwa makini zaidi baadaye. Ann Robertson na Quentin Luke walizunguka katika misitu midogomidogo ya ukanda huu, wakaorodhesha mimea yake, na taarifa yao ya mwaka 1993 ilionyesha kwamba vipande vya msitu vidogo mno kuonekana katika ramani vilikuwa na miti adimu kuliko hifadhi nyingine kubwa. Vingi kati ya vipande hivyo vilikuwa kaya, yaani misitu ya jadi ya Wamijikenda.

Hapa ndipo ninapodhani mjadala wetu umekuwa na upungufu. Tukisema chama cha mimea, tunawaza watu wenye kofia, darubini na daftari, wanaokutana Jumamosi moja kwa mwezi. Lakini wazee wa kaya za Wamijikenda walikuwa na baraza, walikuwa na kanuni, walikuwa na adhabu, na walikuwa na wataalamu wao wa mitishamba kabla ya mwaka 1909. Kaya, ambazo zilianza kujengwa katika karne ya 16 zikiwa vijiji vyenye ngome katikati ya msitu, zilihamwa kufikia miaka ya 1940, na baada ya kuhamwa ziliendelea kuheshimiwa kama makao ya wahenga. Hakati mtu mti, haokoti mtu kuni kavu, haachi mtu njia iliyoruhusiwa. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Serikali ilianza kuziweka kaya katika gazeti rasmi kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi yake, pamoja na zile za Rabai zilizo karibu kabisa na Mombasa, katika orodha ya turathi za dunia. Kwa hesabu yoyote ya haki, kambi, yaani baraza, ya wazee wa kaya ndicho chama cha mimea cha zamani kuliko vyote katika eneo hili.

Vyama hivi viwili vya aina mbili havielewani kwa urahisi, na sababu zake ni za msingi. Elimu ya hebaria ni elimu ya wazi: kila sampuli huandikwa mahali ilipochukuliwa ili mtu mwingine aweze kurudi hapohapo na kuhakikisha. Elimu ya kaya ina sehemu za wazi na sehemu za siri, na siri hiyo ndiyo iliyolinda msitu. Mtaalamu anayechapisha kwamba mti adimu unapatikana katika bonde fulani anaisaidia sayansi, na papo hapo anaweza kuwa amemwelekeza mchimbaji. Mzee naye anayekataa kulitaja jina la dawa anaulinda urithi wa watu wake, ila akifa bila ya mrithi huondoka na elimu ambayo hakuna karatasi iliyoinakili. Hakuna upande wenye makosa. Suluhisho lililotumika na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kupitia kitengo chake cha misitu ya pwani, la kuwaajiri vijana wa maeneo ya kaya na kufanya kazi kwa ruhusa ya wazee, limeonyesha kwamba inawezekana kuandika mengi bila ya kuvunja mwiko.

Wageni waliowasaidia wenyeji

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema ondoeni wageni, pandeni wenyeji. Mombasa yenyewe inakataa urahisi huo. Kule Bamburi, machimbo ya mawe ya saruji yaliacha uwanja mtupu wa chokaa, wenye maji ya chumvi chini yake na jua kali juu yake. Kuanzia mwaka 1971, Rene Haller alijaribu aina 26 za miti, na karibu zote zilikufa. Uliofanikiwa zaidi ni mvinje, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Lakini majani yake yalirundikana chini bila ya kuoza, mpaka Haller alipoleta jongoo, ambao waliyatafuna na kuyageuza udongo. Katika udongo huo mpya, chini ya kivuli cha mvinje, miti ya asili ya pwani iliweza kupandwa. Mti uliopandwa na mikono ya binadamu ukawa yaya wa wenyeji.

Kisa cha pili kiko Changamwe, kwa wachongaji wa ushirika wa Akamba. Kwa miaka mingi vinyago vilichongwa kwa mpingo na muhugu, na misitu ikapungukiwa. Wachongaji wengi wamehamia kwenye mwarobaini na mwembe. Mwarobaini uleule ninaoulaumu kwa kuvamia vichaka ndio unaompumzisha muhugu kutokana na msumeno, na kuukata ni faida mara mbili.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya mti wowote wa mjini lina sehemu mbili: umetoka wapi, na unafanya nini hapa? Kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 inahesabu miche. Haihesabu kwa urahisi ni miche ya nini. Vitalu huotesha kinachoota haraka, na miti mingi ya msitu wa pwani hukua polepole, huku mbegu za baadhi yake zikipoteza uhai wiki chache baada ya kuanguka, kwa hiyo haziwezi kununuliwa dukani wala kuwekwa ghalani. Ni lazima mtu awepo chini ya mti msimu unaofaa. Hapo ndipo chama kidogo cha mtaa, chenye watu wanaoujua mti fulani na mwezi wake, kinapofanya kazi ambayo kampeni kubwa haiwezi kuifanya. Upande wa pili wa hesabu hiyo tuliuona mwaka 2022, mibuyu mikubwa ilipong'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, na serikali ikaagiza uchunguzi baada ya wananchi kulalamika. Mibuyu ya Mama Ngina, inayotazama kivuko cha Likoni, inalindwa na kujulikana kwake. Mti usiojulikana hulindwa na nani?

Anayetaka kuanza anaweza kuanza na kiwanja kimoja, kwa mfano kichaka cha mwambani nyuma ya msikiti, makaburi ya zamani ambayo hayajafyekwa, au ukingo wa hori. Makaburi yana thamani ya pekee mjini kwa kuwa heshima ya wafu imeyaepusha na majembe. Kwanza huombwa ruhusa kwa wenye mahali. Kisha mmea hupigwa picha nzima, jani pande zote mbili, ua na tunda, kwa sababu jani peke yake limewapotosha hata mabingwa. Kukata tawi kwa ajili ya hebaria kunahitaji kibali na mwongozo wa mtaalamu, na tawi hilo hulazwa kati ya kurasa za magazeti, hukandamizwa chini ya uzito, na magazeti hubadilishwa kila siku katika unyevunyevu wetu wa kusi ili ukungu usiingie.

Kisha huandikwa kibandiko: tarehe, mahali, udongo, urefu wa mti, rangi ya ua lilipokuwa bichi, kwa kuwa rangi hupotea likikauka, na harufu, kwa kuwa nayo hupotea. Mstari wa mwisho ni wa jina ambalo mwenyeji amelitaja, pamoja na lugha yake, kama ni Kimvita, Kidigo, Kirabai au Kigiriama. Wakusanyaji wengi huuacha mstari huo wazi. Mkilua ulipata jina lake kwa sababu kuna aliyeujaza.